Kila Chombo Kilikuwa na Mwenyewe

Bendi yetu ilikuwa ya garaji kweli. Vijana wa siku hizi wakisikia "bendi ya garaji" wanawaza wale wa kwenye video, watoto wa Marekani wanaopiga gitaa ndani ya chumba cha gari la baba yao. Baba zetu hawakuwa na magari. Garaji yetu ilikuwa ya fundi, katika komini iitwayo Kenya, sehemu ya mji huu wa Lubumbashi, Kongo: ukuta wa matofali, bati upande mmoja tu, udongo uliogeuka mweusi kwa oili, na basi ndogo zilizopandishwa juu ya mawe bila magurudumu.

Kwa nini basi zilikuwa nyingi vile, kila mtu wa Lubumbashi wa umri wangu anajua. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, iliyorithi mali ya Union Minière ya Wabelgiji na kulisha mji huu kwa miaka mingi, ilianza kuwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mpango wenyewe uliitwa wa kuondoka kwa hiari, yaani hiari ya mtu ambaye hajaona mshahara kwa miezi na miezi. Ba papa walipopewa pesa ya mkupuo, mmoja alinunua mashine ya kusaga mahindi, mwingine friza ya kuuzia maji baridi, na wengi walinunua basi ndogo iliyochoka ili iwe teksi. Basi hazikukawia kufa. Zikaletwa kwa Papa Fundi, wenyewe hawana pesa ya vipuri, zikakaa. Sisi tulipata nafasi katikati yake.

Tulikuwa watano. Mtoto wa Papa Fundi alishika besi. Jirani yangu alipiga solo. Mimi nilipiga akompanyima, gitaa la chini, lile linalorudia kitu kimoja mpaka mwisho wa wimbo. Kijana wa korali alipiga ngoma, na dada mmoja wa Katuba, komini nyingine ya hapa mjini, aliimba. Kati yetu wote hakuna aliyemiliki chombo. Kila kitu tulichogusa kilikuwa cha kuazima, na kila mwenye chombo alikuja na masharti yake. Nikikumbuka sasa, muziki tuliopiga ulitoka zaidi katika masharti hayo kuliko katika vichwa vyetu.

Nianze na umeme, maana bila umeme hakuna cha kusimulia. Ulikuwa unakuja unapopenda. Siku nyingine unakatika mchana na kurudi usiku wa manane, watu wanaamka kupiga pasi. Jenereta ilikuwepo mtaani lakini lita ya petroli ilitushinda. Papa Fundi ndiye aliyetuonyesha njia. Alikuwa na amplifaya ya gari, ameitoa kwenye Mercedes iliyogongwa, na amplifaya ya gari hunywa volti 12 moja kwa moja kwenye betri. Haina habari na nguzo za barabarani.

Ila ilikuwa na maringo. Imetengenezwa ipokee sauti kutoka kwenye redio, sauti ambayo tayari ina nguvu kidogo. Ukiichomeka gitaa hivi hivi, unasikia mtu anayeimba ndani ya kisima. Mpiga besi wetu alikaa na tatizo hilo kwa muda, akaja na radiokaseti ya mama yake. Ilikuwa na tundu la mikrofoni. Unaweka kaseti ndani (lazima iwepo, la sivyo kitufe cha kurekodi hakishuki), unabonyeza cha kurekodi pamoja na cha kusimamisha, kaseti haizunguki lakini sauti inaingia, inapata nguvu, inatokea kwenye tundu la vifaa vya masikio. Kutoka hapo waya mpaka kwenye amplifaya. Nimesoma ufundi wa sauti baadaye, kwa vitabu, na bado sijaona kitu kilichonifundisha zaidi ya radiokaseti ile.

Masharti ya betri sasa. Betri za wateja haziguswi. Zinazoruhusiwa Papa Fundi alizichora msalaba wa chaki, na kabla hatujaanza alichukua kile kipimo chake cha asidi, mrija wa kioo wenye mpira kichwani na kielea ndani. Alifungua vifuniko vya betri kimoja kimoja, akanyonya maji kidogo, akainua mrija usawa wa jicho. Betri iliyoshiba kielea hupanda, kinasoma karibu 1.26. Betri yenye njaa kielea huzama. Aliandika namba kwa chaki ubavuni mwa betri. Tukimaliza mazoezi anapima tena, mbele yetu, bila kusema neno. Namba ikishuka kupita alama yake, kesho hakuna mazoezi.

Kutokana na hapo tukaanza kujiuliza ni nani anayemaliza betri. Alikuwa mpiga besi. Sauti nzito ndizo zinazokula nguvu. Ukipiga noti ndefu ya chini unaona hata taa ndogo ya amplifaya inapepesa, na sauti ya dada inamezwa papo hapo. Tulimpunguzia noti. Kwanza alinuna, alikuwa na vidole vyepesi na alipenda kujaza kila pengo. Akabaki na noti moja ya kuanzia na moja ya kujibu. Watu waliopita nje ya lupango, yaani ua wetu, walianza kusimama. Walisema besi yenu inaongea. Ilikuwa inabana matumizi.

Gitaa langu lilikuwa la baba mdogo. Alifanya kazi kule kwenye viwanda, chini ya bomba lile refu la moshi ambalo ukiwa mbali ndilo linalokuambia umefika Lubumbashi, na jioni zamani za neema alipiga gitaa kwenye klabu ya wafanyakazi. Yeye pesa ya kuondoka aliitia kwenye mashine ya kusaga. Gitaa lilining'inia ukutani juu ya redio.

Masharti yake: moja, gitaa lirudi ukutani kila usiku. Mbili, hakuna kupiga kwa kipande cha plastiki. "Una vidole kumi, tumia viwili kwanza." Alikuwa wa kizazi kilichokulia kwenye gitaa la Katanga, eneo letu hili, kizazi kilichomjua mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya, yule aliyerekodiwa mwaka 1952 na Mwingereza Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, kidole cha shahada kinaimba juu kwenye nyuzi nyembamba. Mtu mmoja, gitaa moja, na anayesikiliza akiwa nje ya mlango anafikiri wako wawili.

Mimi sikuitaka habari hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilitaka kupiga kama orkesta kubwa za Kinshasa, seben ndefu (ile sehemu ya gitaa bila maneno), gitaa tatu zinazofukuzana. Baba mdogo hakubishana. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao uani, bakuli la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, miguuni, akasema, "Piga gumba tu. Mpaka nimalize kunywa." Na alikunywa polepole, mzee yule. Jioni nzima nilipiga gumba, bum na bum, mpaka mama wa jirani aliyekuwa anakoroga bukari, ugali wetu, akaanza kugeuza mwiko kwa kufuata. Baba mdogo akaona, akacheka, akaniambia, "Sasa weka kidole cha pili."

Kulisikilizisha gitaa lile kwenye amplifaya ilikuwa kazi nyingine. Halikuwa la umeme. Tulitumia kipande cha simu ya zamani ya mezani, kile cha kusikilizia, tukakibana ndani ya tundu la gitaa kwa sponji. Cha sikioni, si cha mdomoni. Cha mdomoni kinataka kilishwe umeme wake ndipo kifanye kazi, lakini cha sikioni ukikipigia kelele kinageuka mikrofoni. Kilipokea nyuzi za katikati vizuri, nyembamba kilizichukia. Ndiyo sababu nyingine nikabaki kwenye akompanyima.

Nyuzi nazo zilikatika. Wengi mtaani walichambua waya wa breki ya baiskeli, unapata uzi mmoja mwembamba wa chuma, unafunga, unapiga. Unadumu kuliko wa dukani, lakini unatafuna shingo ya gitaa na vidole pia. Baba mdogo alikataa kabisa. Ili nyuzi za dukani zisikatike ovyo tuliamua kulegeza gitaa zote mbili na besi kwa nusu sauti. Kumbe dada yetu alikuwa anabanwa kooni siku zote bila kusema. Siku tuliyolegeza, alifika juu bila kukunja uso.

Yeye dada alikuwa na sharti la mama yake: kabla ya giza awe ameshaondoka, na mmoja wetu amsindikize mpaka barabara ya Katuba. Kwetu jua halicheleweshwi, saa kumi na mbili linazama. Mazoezi yakagawanyika yenyewe. Tangu saa kumi, nyimbo za kuimba, haraka, bila mchezo. Akishaondoka, giza, tochi moja juu ya boneti, na sisi wanne hatuna wa kuimba. Tukawa tunapiga tu. Sehemu zetu zisizo na maneno zikarefuka kupita kiasi, na mpiga solo akapata kule uwanja wa kufanyia vituko vyake.

Na mpiga solo huyo ndiye aliyeleta ugomvi wa lugha. Aliandika nyimbo kwa Kilingala ambacho hakukijua. Alikiokota kwenye redio, akakipanga kama alivyosikia. Kwake muziki bila Kilingala haukuwa muziki, na wengi mjini walifikiri hivyo hivyo. Kinshasa iko mbali sana na sisi lakini sauti yake iko kila baa. Dada alimwacha amalize kusoma karatasi, akamuuliza, "Yaya, hili neno maana yake nini?" Hakujua. "Basi miye sitaimba kitu ambacho mama yangu akisikia hataelewa." Tuliimba Kiswahili, chetu cha huku, na mpiga solo akanuna mpaka siku watoto wa mtaa walipoanza kuimba kiitikio chake wakienda kuchota maji.

Ngoma zilikuwa za kanisa. Hapo masharti yalikuwa marefu kuliko vyombo, maana vyombo vyenyewe vilikuwa ngoma ndogo ya fimbo na sahani moja. Ngoma kubwa ya mguu hawakutoa. Tulisimamisha pipa la oili, tukalifunga mpira wa ndani wa tairi, na kwa kengele tukatumia diski ya breki iliyoning'inizwa kwa waya. Sauti ya diski ile ilikuwa nzuri mno, kali na safi, nimeitafuta dukani miaka yote sijaipata.

Mchungaji alitaka vyombo vya Mungu visipige nyimbo za baa, mazoezi yaanze kwa wimbo wa sifa, na Jumamosi jioni kila kitu kiwe kimerudi, kimefutwa vumbi. Shemasi mmoja alikuwa na desturi ya kupita bila kupiga hodi. Kwa hiyo tulijifunza kitu ambacho shule ya muziki isingetufundisha: kuhama kutoka kwenye seben hadi kwenye wimbo wa kanisa bila kusimama, bila kubadilisha mwendo, mpiga ngoma akishaona kofia ya shemasi juu ya ukuta. Haikuwa ngumu. Akodi ni zile zile tatu, zinazunguka, unabadilisha tu anayetajwa. Shemasi aliingia, akatingisha kichwa, akapiga makofi kidogo, akaondoka ameridhika. Sidhani alidanganyika. Kanisani kwao Jumapili walikuwa wanapiga seben kali kuliko yetu.

Kucheza mbele ya watu hakukuwa kwingi. Tulipiga kwenye kuzaliwa kwa mtoto, kwenye ndoa moja ambapo umeme ulikuwepo na kila kitu kilituharibikia kwa sababu hatukuuzoea. Mawili ndiyo yaliyonikaa.

La kwanza ni proklamasio, tarehe 2 Julai, siku ya kutangaza matokeo ya mwaka shuleni. Julai Lubumbashi ni baridi, mji uko juu, asubuhi vidole vinakauka. Tulisukuma betri mbili na pipa kwenye mkokoteni. Mkuu wa shule alitupanga: akishataja waliofaulu darasa moja, tupige kidogo wazazi washangilie, kisha darasa linalofuata. Wanataja kwa asilimia, kutoka juu kushuka. Ambaye hajafaulu hatajwi. Orodha inaisha, na yeye bado amesimama pale kwenye mstari, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi usiku umeme uliporudi.

Darasa la tatu walibaki wengi. Tulikuwa tumeagizwa kupiga, tukaanza, na mara nikasikia ngoma ndogo imenyamaza. Mpiga ngoma alikuwa ameweka fimbo chini, anapiga kwa viganja, polepole. Besi ikamfuata. Hakuna aliyesema kitu. Dada akaacha wimbo wa furaha tuliopanga, akachukua mmoja wa kanisani ambao kila mtu pale aliujua, akauimba chini chini mpaka watoto wale wakapata namna ya kutembea kutoka pale kwenda kwa mama zao. Mkuu wa shule alitukasirikia, tulikuwa tumemharibia ratiba. Mama mmoja alikuja kutuletea karanga kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama kwanza mpiga ngoma, popote nilipopiga.

La pili ni kilio cha babu wa mpiga solo. Pale hakuna amplifaya. Betri haiwezi kukesha. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, gitaa mbili tupu na pipa, na hapo ndipo gumba la baba mdogo liliponiokoa. Wimbo wa kilio hauna mwisho. Mtu anaanzisha, wanaitikia, anachoka, mwingine anapokea, mpaka jogoo. Aliyezoea kujionyesha usiku wa manane ameshaishiwa. Mpiga solo, msiba ukiwa wa kwao, alipiga mapambo yake yote saa mbili za kwanza, kisha akaniwekea gitaa lake mapajani akalala. Alfajiri walituletea bukari na samaki wa tomson na sombe, majani ya muhogo. Baba yake mzazi, aliyekuwa akituita wapiga makelele, alitushika mikono wote, mmoja mmoja.

Kuvunjika hakukuwa na ugomvi. Watu wanapenda nisimulie ugomvi. Bei ya shaba ilipanda, kampuni za kigeni zikaja, na Papa Fundi akapata kazi ya kutengeneza magari ya moja ya kampuni hizo. Garaji ikawa inafanya kazi mpaka usiku, taa za jenereta, mafundi wapya, na zile basi za wastaafu zikauzwa vyuma chakavu. Mji ulipopata nafuu sisi tukakosa mahali. Baba wa dada akapata kazi Kolwezi, wakahama. Kanisa likachukua ngoma yake. Baba mdogo, mashine ya kusaga ilipomshinda, siku moja hakunipa gitaa. Alikuwa ameanza kupiga tena mwenyewe, Ijumaa, kwenye baa moja ya Kamalondo yenye michopo mizuri, nyama choma ya mbuzi. Nilikwenda kumsikiliza. Gitaa bado lilikuwa limelegezwa nusu sauti.

Mimi sasa nina sono ya kukodisha hapa Katuba: spika nne, mikseri, mikro, na betri za sola zilizopangwa kwenye kibanda. Kuna vijana wa mtaa wenye midundo yao kwenye simu, wanakuja kuazima mikro moja Jumamosi. Nawapa bure. Sharti ni mikro irudi na kebo yake, imekunjwa, kabla ya saa moja usiku. Wiki iliyopita walirudisha mikro bila kebo. Wiki hii watarapu bila mikro, nimewaambia hivyo, na mmoja wao ameniuliza kama nina pipa tupu.